Msisubiri mimba ndipo mtupime: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya na elimu

Waheshimiwa mnaopanga bajeti za afya, mnaosimamia shule, na ninyi wakuu wa hospitali na kliniki,

Salamu.

Kwenye faili langu la wodi ya wazazi kuna maneno mawili niliyoyasoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa: "Mkojo: haujapimwa." Yameandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na haraka. Usiku huo nilikuwa na mimba ya wiki 26, nina homa, na nina selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi tunauita siko seli.

Niliamka saa saba usiku natetemeka. Haja ndogo haikuwa inaniwasha hata kidogo, na hilo naomba mlikumbuke. Ulikuwa ni mgongo tu, upande wa kulia chini ya mbavu, na blanketi mbili hazikunitosha. Mume wangu akanipeleka. Pale mapokezi nilisema yote: mimba, selimundu, baridi, mgongo. Nesi akatafuta kipimajoto droo ya kwanza, ya pili, akakipata, hakiwaki. Betri yake ilikuwa imehamia kwenye rimoti ya televisheni ya ukumbini (sitanii, niliiona kwa macho yangu). Akanigusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja. "Una joto kidogo," akasema. Kisha akafungua kadi. "Mama, kumbe wewe ni wa siko seli? Basi hayo ni maumivu yako yale yale."

Nikachomwa sindano ya maumivu, nikaonyeshwa kitanda, nikasubiri kuche.

Asubuhi joto lilikuwa nyuzi 39.4. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa siwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, na kile kifaa kinachobanwa kidoleni kikaonyesha oksijeni 88. Maambukizi yalikuwa yameanzia kwenye njia ya mkojo, yakapanda hadi figo, yakaingia kwenye damu, na homa ikazikunja chembe zangu za damu mpaka zikaziba mishipa ya mapafu. Nilikaa siku 19 hospitalini na kuongezewa damu mara mbili. Mwanangu hakusubiri muda wake, alizaliwa wiki ya 33 akiwa na kilo 1.6. Yuko hai, mimi niko hai. Nesi yule simlaumu sana. Hapakuwa na karatasi yoyote ukutani inayomwambia kwamba mjamzito mwenye selimundu akiwa na homa, jambo la kwanza si sindano ya maumivu. Na hapakuwa na betri.

Naandika kwa sababu kosa la usiku ule halikuanza usiku ule. Lilianza nilipokuwa na miaka 10 hivi, siku nilipoacha kuwa mtoto wa kliniki ya watoto na bado sijawa mama wa kliniki ya wazazi. Kati ya milango hiyo miwili kuna uwanja mpana ambao hauna mwenyewe.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mwingine huishi takriban siku 120. Ya kwangu huishi siku 10 hadi 20. Yake ni laini, inapenya popote. Yangu ikikosa maji, ikikosa oksijeni au ikipatwa na homa, hujikunja kama mundu, ikawa ngumu na kukwama kwenye vimishipa vidogo. Hapo ndipo yanapotoka maumivu ambayo kila mtu anayajua, na kwa kujulikana kwake yamekuwa pazia. Nyuma ya pazia kuna wengu, kiungo kinachochuja vijidudu kwenye damu. Kwa wengi wetu wenye aina kali ya ugonjwa huu, wengu huwa umeshaharibika kabla hatujaanza shule. Vijidudu vya nimonia na vya homa ya uti wa mgongo ambavyo kwa mwenzangu hukuta askari mlangoni, kwangu hukuta mlango umeachwa wazi.

Wakubwa wenu wa zamani walilijua hilo. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani: watoto wadogo wenye selimundu waliokunywa penisilini mara mbili kwa siku walipata maambukizi makali ya nimokoka, kijidudu kile cha nimonia, pungufu kwa asilimia 84 kuliko wasioinywa. Jaribio likasitishwa kabla ya muda wake, maana isingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mimi ni mmoja wa watoto walionufaika na dawa hiyo. Mama yangu alikuwa ananiamsha alfajiri na kijiko. Chanjo zangu zote zimepigwa muhuri. Mlinilea vizuri mpaka hapo, na nashukuru kwa dhati. Mlinivusha utotoni, kisha mkaniachia mkono katikati ya barabara.

Nina kumbukumbu ya mzani mmoja. Ulikuwa wa kusimama, wenye jiwe la kusukuma, na jiwe lake lilikuwa linakwama kwenye 40. Mimi kukwama huko hakukunihusu. Nikiwa na miaka 14 nilikuwa na kilo 31. Nesi wa siku hiyo alisukuma jiwe, akalirudisha, akanitazama juu hadi chini. "Unakula kweli wewe, au unaringa?" Akaandika 31 kwenye pembe ya karatasi, pembeni ya mahali palipomwagikiwa chai. Namba ile haikuchorwa popote, kwa kuwa mchoro wa ukuaji kwenye kadi yangu ulikomea miaka mitano. Shirika la Afya Duniani lilishatoa tangu 2007 michoro ya ukuaji ya kuanzia miaka 5 hadi 19, inayoonyesha ni uzito gani kwa urefu gani na umri gani, na ni mstari upi ukishuka chini yake mtoto amekonda kupita kiasi. Mimi niliuona mchoro huo kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, na nilijionyesha mwenyewe.

Hakuna aliyemweleza mama yangu kwa nini sinenepi. Aliulizwa kama ananinyima chakula. Alilia njiani tukirudi, akidhani sikumwona. Laiti mtu mmoja angemwambia hivi: mama, mwili wa binti yako unatengeneza damu upya kila baada ya wiki mbili au tatu, kazi ambayo miili mingine inaigawa kwenye miezi minne. Uboho wake, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, haupumziki. Moyo wake unakwenda mbio hata akiwa amelala, kwa kuwa damu ni pungufu. Nguvu anayoitumia akiwa hafanyi lolote ni kubwa kuliko ya mwenzake wa rika lake. Halafu siku za maumivu hali kabisa, na kile alichokijenga mwezi mzima kinakwenda ndani ya siku tano. Anahitaji kula zaidi ya wenzake, si sawa na wao. Anahitaji protini ya kutosha, madini ya zinki, vitamini D, na asidi ya foliki kila siku. Wenzangu walivunja ungo wakiwa na miaka 12, 13. Mimi nilifikisha 16, na kuchelewa huko nako kungeelezeka kwa maneno hayo hayo. Mimi nilikuwa nakula kwa ajili ya wawili tangu zamani, kabla sijawahi kubeba mimba.

Hapa niseme jambo na ninyi wa elimu, kwa sababu nusu ya ujana wangu ilikuwa mikononi mwenu. Figo za mwenye selimundu hazijui kubakiza maji mwilini. Tunakojoa mara nyingi, na tunatakiwa kunywa maji mengi ili damu isizidi kuwa nzito. Shuleni kwangu kutoka darasani ilikuwa mara moja tu kabla ya mapumziko, kwa kunyoosha mkono na kueleza mbele ya wote. Basi nikafanya hesabu ambayo mtoto yeyote angeifanya: nikaacha kunywa maji. Nilikuwa na chupa ambayo daktari aliichora mistari mitatu kwa kalamu ya wino mzito, mstari wa kwanza uwe umefikiwa saa nne. Nilikuwa naimwagia kwenye maua nyuma ya bwalo. Maua yalistawi. Mimi nilikuwa nalazwa karibu kila muhula, na kwenye ripoti waliandika "mtoro wa mara kwa mara". Hakuna dawa wala mashine inayotakiwa hapo. Ni ruhusa ya chooni tu, na mwalimu mmoja anayejua kwa nini.

Na msidhani kwamba sote tunakonda. Rafiki yangu niliyekuwa nalazwa naye alikatazwa kukimbia, akakatazwa michezo, akakatazwa jua, akawekwa ndani na kubembelezwa kwa vitu vitamu kila alipoumwa. Alipofika miaka 17 uzito ulikuwa umempita. Wale wale waliomwambia asitembee wakaanza kumsema kwamba ni mvivu. Akaamua kupunguza mwili kama wasichana wengine wanavyofanya, kwa kushinda bila kula wala kunywa. Siku ya tatu alikuwa wodini na maumivu ya mifupa. Kijana mwenye ugonjwa huu anaweza kupunguza uzito, ndiyo, ila polepole, akiwa na mtu wa kumwongoza, na maji ya kunywa hayapunguzwi. Yeye alichoambulia ni masimango. Baadaye alipopata ujauzito na kuzaa kwa upasuaji, kidonda kilioza, jambo ambalo uzito mkubwa hulifanya liwe rahisi kutokea kwa mwanamke yeyote. Mnaona jinsi mzani na maambukizi vinavyokutana? Kwake kwa upande wa uzito kuzidi, kwangu kwa upande wa kupungua.

Maana niliingia kwenye ujauzito nikiwa na kilo 43, damu ikiwa kidogo, akiba hakuna. Mimba nayo ina mambo yake. Homoni hulegeza mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, mji wa mimba unaikandamiza, mkojo unatuama, vijidudu vinapanda. Hilo linaweza kumpata mjamzito yeyote. Mwenye selimundu analikuta akiwa na figo zilizochoka na hana wengu wa kumsaidia. Tena kama alikuwa anatumia haidroksiyurea, dawa inayopunguza maumivu na mara nyingi kumrudishia mgonjwa uzito, ushauri wa kawaida ni aiache miezi mitatu kabla ya kushika mimba, kwa tahadhari juu ya mtoto. Kwa hiyo ngao moja inawekwa chini wakati hasa mishale inaongezeka. Ndiyo sababu kikao cha kabla ya mimba si anasa. Kwenye kikao hicho ndipo angepimwa uzito, angekaguliwa chanjo zake, mume wake angepimwa damu pia. Kama mume amebeba nusu ya ugonjwa, yaani amerithi selimundu upande mmoja tu na haumwi, kila mimba ina nafasi moja kati ya mbili ya kuleta mtoto mwenye selimundu. Ni haki ya watu wawili kulijua hilo kabla, wakaamua wenyewe. Mimi kikao hicho sikukipata. Nilipokelewa nikiwa na wiki 17.

Siku hiyo ya kwanza nilipewa, kama kina mama wote kwenye foleni, vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma. Mkono uliotoa haukuuliza. Lakini mtu aliyeongezewa damu mara nyingi maishani anaweza kuwa na chuma kimejaa kwenye ini lake, na upungufu wake wa damu hautokani na kukosa chuma. Apimwe kwanza akiba ya chuma, ndipo apewe au asipewe. Alichokihitaji zaidi ni asidi ya foliki, na si ile dozi ndogo ya wote. Wataalamu wa uzazi wa Uingereza hushauri miligramu 5 kila siku kwa sisi, tangu kabla ya mimba. Hao hao wanashauri mkojo uoteshwe maabara kila mwezi, yaani vijidudu vilivyomo vikuzwe mpaka vionekane, kwa sababu vijidudu vinaweza kukaa kwenye mkojo bila kuwasha, bila dalili yoyote. Nilisema mlikumbuke lile la kutowashwa.

Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu selimundu katika ujauzito. Humo tunatajwa watu milioni 7.7 duniani tunaoishi na ugonjwa huu, na imeandikwa kwamba mwanamke mwenye selimundu ana hatari ya kufa kwa sababu za uzazi mara 4 hadi 11 zaidi ya asiye nao. Kwa hiyo hamwezi kusema hamkuambiwa. Kila tarehe 19 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2008 kwa ajili yetu, tunagawiwa fulana na kupigwa picha. Fulana ninazo saba. Ningezibadilisha zote kwa kipimajoto kinachowaka.

Ninachoomba kinaanzia mbali na wodi ya wazazi. Kadi ya mtoto mwenye selimundu isifungwe akitimiza miaka mitano, wala isiishie kabatini akihamishwa kliniki. Iendelee, kurasa zile za 5 hadi 19 zikiwemo, na kila hudhurio uzito na urefu vichorwe, si kuandikwa pembeni. Msichana akishuka chini ya mstari, au akiupanda kupita kiasi, aonane na mtu wa lishe siku hiyo hiyo, akiwa na mzazi wake, bila kuulizwa kama anaringa. Kadi hiyo hiyo ndiyo aingie nayo kliniki ya wajawazito siku ya kwanza. Mkunga aifungue aone miaka 20 iliyotangulia: aliongezewa damu mara ngapi, chanjo ya nimonia ilirudiwa lini, alikuwa na kilo ngapi akiwa na miaka 15. Wengine watakuja wakiwa bado wasichana. Wajawazito wa miaka 10 hadi 19 kwa ujumla wana hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya maambukizi kuliko wa miaka 20 hadi 24, hata wasio na ugonjwa wowote wa damu. Mwili ambao wenyewe bado unakua unagawana sahani na mtoto. Huyo asifokewe getini, maana akifokewa hatarudi, na safari ya pili ataletwa amebebwa.

Na karatasi moja ibandikwe mapokezi, kwa herufi kubwa: mjamzito mwenye selimundu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Apimwe oksijeni, achukuliwe damu na mkojo, aanzishiwe dawa ya kuua vijidudu ndani ya saa moja, apewe maji, na maumivu yake yatibiwe pia, yasiachwe eti yanasubiri majibu. Asipelekwe kitandani kungoja kuche. Neno "yale yale" lipigwe marufuku kwenye milango ya hospitali mpaka mtu awe amepima.

Mtaniuliza gharama, najua. Siku 19 za kitanda, oksijeni, chupa za damu, na mtoto wa kilo 1.6 kwenye chumba cha joto kwa wiki tano, vyote mlivilipia ninyi. Kikopo cha kuoteshea mkojo kingelinganaje na hapo?

Jirani yangu ana binti wa miaka 14 mwenye selimundu kama mimi. Hunijia Jumamosi, tunapimana kwenye mzani wangu wa nyumbani, mimi napanda kwanza ili asione aibu. Kwenye daftari lake la hesabu, lile la mirabaraba, nimemchorea kwa rula mistari ya ukuaji wa 5 hadi 19 niliyoinakili kwa mkono. Ana nukta nne mpaka sasa. Ya nne imeshuka kidogo kutoka ya tatu, aliumwa wiki iliyopita. Siku mtakapotoa ukurasa rasmi, nitahamishia nukta hizo humo.

Wenu,
Mama wa mtoto aliyezaliwa na kilo 1.6